Jicho Halipimi Mlima

Kila likizo ya Desemba, na siku hizi hata wikendi za kawaida, kauli mbili husafiri pamoja kutoka Kitale hadi lango la Chorlim la hifadhi ya Mlima Elgon. Ya kwanza ni, "Simamisha hapo tu, ni tambarare." Ya pili ni, "Haya ni maji ya mlima, kunywa bila wasiwasi." Husemwa na watu wema: dereva aliyeizoea njia, mwenyeji wa Endebess anayempokea mgeni kwa moyo mkunjufu, kijana wa Nairobi aliyekuja na hema juu ya paa la Land Cruiser na asiyetaka kuonekana mgeni wa mambo ya kambi. Mimi nasema kauli zote mbili ni za uongo, na uongo wake una mzizi mmoja. Jicho limepewa kazi lisiyoiweza, kisha likaaminiwa kuliko kipimo.

Hili lingekuwa jambo dogo kama wapiga kambi wangekuwa bado wale wageni wachache wanaovuka kutoka Uganda kupitia mpaka wa Suam. Mambo yamebadilika. Barabara ya kilomita 45 kutoka Kitale kupitia Endebess hadi Suam, iliyojengwa kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, imeusogeza Mlima Elgon karibu na kila mwenye gari na siku mbili za mapumziko. Utakuta Hiace iliyong'olewa viti vya abiria ikawekwa kitanda, Noah yenye jiko buti, karavani kuukuu iliyopakwa rangi upya. Mafundi wa jua kali wanachomelea fremu za tanki na kufunga pampu za volti 12 bila kuuliza mtu. Gari la kambi limekuwa letu. Maarifa ya kulisimamisha na kulitia maji ndiyo bado tunayaita mbwembwe.

Na hilo ndilo neno lenyewe: mbwembwe. Za nani? Za wazungu. Mzungu, wanasema, hutoka garini na kidude chenye kiputo ndani ya kioo, akakiweka sakafuni, akakuna kichwa, akarudi nyuma nusu mita, akapima tena. Ilhali sisi tumelala miteremkoni tangu zamani na hatujafa. Watu hucheka hapo, na mjadala unaishia kwenye kicheko.

Haupaswi kuishia hapo. Ng'ambo ya vilima vya Cherangani, kwenye ukuta wa Bonde la Kerio, Wamarakwet wana mifereji ya karne nyingi inayochota maji ya mito ya juu na kuyazungusha pembeni mwa miamba, kilomita baada ya kilomita, hadi mashambani bondeni. Mfereji wa namna hiyo hauchimbwi kwa kukisia. Mteremko ukizidi, maji yanabomoa ukingo. Ukipungua, yanasimama na kujaza matope. Waliouchimba hawakuwa na kiputo ndani ya kioo, lakini walikuwa na maji yenyewe, nayo hayampendelei mtu. Anayesema kupima ni ugeni katika pembe hii ya Kenya hajatazama upande wa mashariki.

Wala hajatazama ujenzi wa jirani yake. Fundi anayepanga msingi wa nyumba pale Endebess huvuta paipu nyembamba inayoonyesha maji ndani, kona hadi kona, na hakuna anayemwambia ana mbwembwe. Akifika mtu na nyumba yenye magurudumu, fundi huyohuyo anasimama mbali, anakunja jicho moja, na kusema iko sawa. Msingi wa nyumba hupimwa kwa sababu kosa lake litaonekana ukutani kwa miaka hamsini. Kosa la gari la kambi huonekana usiku huohuo, ila lawama hutupiwa godoro, pampu, friji, au chakula cha jana.

Tuliulize jicho lenyewe. Karibu na mji wa Machakos kuna mahali paitwapo Kituluni, ambapo watu husafiri makusudi kwenda kumwaga maji barabarani wayaone yakipanda mlima, na kuachia gari gia wakalione likijivuta kwenda juu. Hakuna jini wala sumaku. Vilima, kingo za barabara na miti vimepangika kwa namna inayolipa jicho upeo wa uongo, na mteremko mdogo unaonekana mwinuko. Maelfu ya watu wenye macho mazima wamesimama pale, wakatazama ardhi mchana kweupe, wakaisoma kinyume.

Elgon hufanya hivyohivyo, kwa utaratibu zaidi. Ni volkano kongwe iliyozimika, kitako chake kina upana wa kilomita 80 hivi, ilhali kilele chake kirefu zaidi, Wagagai upande wa Uganda, ni mita 4,321. Mlima mpana kiasi hicho haupandi kwa kishindo. Unapanda kwa kukuzoesha. Unatoka Kitale kwenye mita 1,900 hivi, unapita mahindi yasiyoisha, unapita Endebess, na kabla hujahisi kwamba umepanda umeshavuka mita 2,000. Muda wote huo jicho limekuwa likijifunza kwamba mwinamo ndio hali ya kawaida. Ukifika mahali penye mwinamo mdogo kuliko ulikotoka, linakuambia umefika uwanjani. Haliongopi kwa hila. Linalinganisha, na kulinganisha si kupima.

Malumbano bila hesabu ni kelele, kwa hiyo tuhesabu. Chukua tanki la kawaida la chini ya kitanda: urefu mita 1, upana nusu mita, kina sentimita 20. Hizo ni lita 100, yaani kilo 100. Sasa gari liiname nyuzi 5 kwa urefu wa tanki, mwinamo ambao kwenye mlima huu watu wataapa haupo. Upande mmoja utakuwa juu ya mwenzake kwa karibu sentimita 9. Kama paipu ya kutolea maji iko upande ulioinuka, itafika saa maji yote yaliyobaki yamekimbilia upande wa pili na pampu haiyafikii. Ukikokotoa, yanayobaki ni kama lita 22: zaidi ya mtungi mzima wa lita 20, ambao kuna mtu aliubeba begani kutoka mferejini. Pampu inaanza kunyonya hewa na kunguruma. Mwenye gari anatangaza kwamba ni mbovu na anapiga simu Kitale kuulizia nyingine. Pampu nzima, gari limelala upande.

Naomba msomaji azihifadhi lita hizo 22. Nitazirudia, kwa kuwa kulala kwake tankini ni tatizo kubwa kuliko kukosekana kwake bombani.

Kuna friji pia, ile ya gesi. Aina hiyo, iliyobuniwa mwaka 1922 na Wasweden wawili, Baltzar von Platen na Carl Munters, haina mota. Mwali mdogo huchemsha mchanganyiko wa amonia na maji, mvuke hupanda, hupoa juu, kisha kimiminika hurudi chini kwa uzito wake kupitia mabomba membamba. Hakuna kinachokisukuma. Mabomba yakiinama kuliko yalivyokusudiwa, kimiminika hukwama njiani, na moto huendelea kuchoma mahali ambapo hakuna cha kuchemshwa. Kwanza friji huacha kupoza. Ukiirudia hali hiyo mara nyingi, huziba isifufuke tena. Wauguzi wa zahanati za mashambani waliotunza chanjo kwenye friji za mafuta taa au gesi, kabla ya zama za sola, hawakuhitaji somo hili kutoka kwa mpiga kambi. Friji ilisimama wima kwa kipimo, la sivyo chanjo zilipata joto.

Wapinzani wangu wana hoja moja ninayoikubali: friji mpya za kompresa haziujali mwinamo mdogo. Aliye nayo amepunguziwa sababu moja ya kupima. Hajapunguziwa tanki, wala sinki lisilotoka maji, wala sakafu ya bafu inayokusanya povu kwenye kona isiyo na tundu, wala usiku mzima wa kuserereka kumwelekea mwenzake.

Nije kwenye madhara halisi, maana hadi hapa mtu anaweza kusema ni usumbufu tu. Dereva aliyedharau kipimo mchana hukiri usiku, gizani, na hapo ndipo anapochukua jeki. Huliinua gari upande mmoja, husukuma jiwe chini ya ekseli, kisha familia inapanda kulala. Tumezoea kumwona makanga akiruka na jiwe au gogo matatu inaposimama mlimani, hadi tumesahau kazi ya jiwe hilo. Ni la kulizuia gurudumu lisibingirike. Halikuwekwa kubeba gari, na watu wakigeuka usingizini juu yake linaweza kuchomoka. Hata ile miguu ya chuma inayoteremshwa kwenye pembe za karavani ni ya kutuliza mtikisiko. Anayeinulia gari kwa miguu hiyo anapinda fremu.

Kinachotakiwa ni kidogo mno kiasi kwamba naona aibu kukiandikia aya. Mwinamo wa nyuzi 3 kutoka gurudumu la kushoto hadi la kulia, yakiachana mita 1.5, ni tofauti ya sentimita 8. Hizo ni mbao mbili nene, si jeki. Panga mbao mbele ya gurudumu lililo chini, endesha taratibu upande juu yake, vuta breki ya mkono, kisha weka kabari kwenye magurudumu mengine. Upande kwa upande kwanza, mbele na nyuma baadaye. Kwa karavani, kabari hutangulia kabla hujaifungua kwenye gari linaloikokota, halafu mbele hurekebishwa kwa kile kigurudumu kidogo cha shingoni. Msimu wa mvua, kuanzia Aprili, mbao ziwe pana, maana udongo mwekundu wa huku ukilowa gurudumu huzama taratibu usiku, na gari lililolala sawa saa tatu huamka limepinda.

Na asiyekuwa na pimamaji? Simu yake inaweza kuwa na programu ya kupimia, ingawa kava yake yenye nundu inaweza kumdanganya. Sufuria yenye kitako bapa, maji nusu, na rula ya mtoto wa shule vinafanya kazi vizuri zaidi. Maji yapimwe kina pande zote nne. Hakuna umaskini unaomzuia mtu kufanya hivyo, kwa hiyo hoja ya gharama naipita bila kusimama.

Sasa maji ya kunywa, ambako uongo wa jicho huua.

Mgeni aliyesoma The Hot Zone, kitabu cha Richard Preston cha mwaka 1994, hafiki Elgon bila kuulizia popo wa pango la Kitum, kwa sababu watu wawili waliolizuru, mmoja mwaka 1980 na mwingine mwaka 1987, walikufa kwa virusi vya Marburg. Hofu hiyo ina msingi. La ajabu ni kwamba mtu huyohuyo aliyejifunika pua mlangoni mwa pango ataona kijito, atainama, na kunywa kwa viganja, kwa kuwa maji yanametameta. Ndani ya hifadhi ya Elgon, iliyotangazwa mwaka 1968, kuna tembo wanaoingia mapangoni kukwangua chumvi, kuna nyati, pongo na mbega. Wote hunywa, wote hujisaidia, na hakuna aliyechimbiwa choo. Nje ya hifadhi wanaongezeka ng'ombe na sisi wenyewe. Vijidudu vinavyoharisha havichafui rangi ya maji. Glasi inaweza kuwa angavu hata ukasoma gazeti kupitia ndani yake na bado ikakulaza hospitalini.

"Babu zetu waliyanywa." Ndiyo, waliyanywa. Lakini anayeitoa hoja hii anahesabu waliosalia peke yao. Mtoto aliyekufa kwa kuhara akiwa na miaka miwili hakupata kuwa babu wa mtu, na ndiyo maana hatajwi kwenye ushahidi.

Wengine husema kwa busara zaidi: mto hapana, lakini chemchemi iliyojengewa ni salama, kwa hiyo jaza tanki hapo na mambo yaishe. Hoja hii ilipimwa Busia, si mbali na hapa, na watafiti akina Michael Kremer, ambaye mwaka 2019 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na wenzake wawili. Chemchemi za vijijini zilijengewa saruji na bomba, kisha maji yakapimwa kwenye chanzo na tena ndani ya nyumba za wachotaji. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba kwenye chanzo vijidudu vya kinyesi vilipungua kwa theluthi mbili hivi. Kwenye maji yaliyokwisha kuhifadhiwa nyumbani vilipungua kwa robo hivi tu. Kuhara kwa watoto nako kulipungua kwa robo, kwa hiyo asije mtu akasema kujengea chemchemi ni bure. Lakini sehemu kubwa ya usafi uliopatikana bombani ilipotelea kati ya bomba na kikombe: mtungini, mikononi, kwenye kata.

Hapo ni nyumba yenye mtungi mmoja. Gari la kambi lina mtungi, faneli iliyotupwa buti pamoja na spana, mpira ulioburutwa matopeni, tanki lisiloonekana ndani, pampu, mabomba ya plastiki na mfereji. Ni safari ndefu kuliko ya nyumba yoyote kule Busia. Na mwisho wa safari kuna zile lita 22 nilizoomba zihifadhiwe. Tanki lililozoea kuinama halimalizi maji yake. Ya juma lililopita yanabaki konani, yanapata joto la injini na jua, tope linatua chini, na kuta zinaota utelezi ambao vijidudu hujificha ndani yake. Ukija na maji safi kabisa, unayamwaga juu ya uchafu huo. Basi wale wanaosema kusawazisha gari ni jambo la starehe na maji ni jambo la afya, tena kwamba mawili hayo hayahusiani, waje waeleze kona hiyo ya tanki.

Tanki husafishwa hivi. Klorini ya kawaida ya nyumbani, isiyo na manukato wala sabuni, ya nguvu ya asilimia 5: mililita 100 kwa tanki la lita 100. Jaza maji hadi juu, fungua kila mfereji hadi harufu itokee, funga, acha usiku kucha. Asubuhi mwaga yote, na hapa kuinama kunafaa: endesha gari upande wa chini wa tanki uwe ndio wenye koki ya kumwagia, maji ya mwisho yatoke. Suuza hadi harufu iishe. Mpira wa kujazia maji ya kunywa uwe na kazi hiyo peke yake, na ncha zake zifungwe mfuko. Usiuchanganye na wa kuoshea matairi hata kama wote ni wa kijani.

Kwa kunywa, dawa kama WaterGuard hufuatwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha husubiriwa dakika 30. Maji yenye tope hutulizwa na kuchujwa kwanza, kwa kuwa tope hula dawa. Wanaolalamika kwamba dawa inaharibu chai nawaelewa. Ni kero ya kweli, ila ni ndogo. Nao wanaodhani dawa inamaliza yote wakumbuke kwamba kuna vimelea, kriptosporidiamu kwa mfano, ambavyo klorini ya kiasi hicho haiviui. Moto huviua. Kwenye mita 2,000 maji huchemka kwenye nyuzijoto 93 hivi badala ya 100, na ndiyo sababu ushauri wa kiafya ni kuyaacha yakitokota dakika 3 ukishapita kimo hicho, wakati kule chini dakika 1 inatosha. Watu wa Chorlim wako juu ya mstari huo. Watu wa Mombasa wanaowafundisha kuchemsha hawako.

Yamebaki maji machafu, ya sinki na bafu, ambayo kila mtu huyaachia yatiririke chini ya gari akiamini mlima utayameza. Mlima hauyamezi, unayapeleka. Mito ya Koitobos na Sabwani hushuka hadi Nzoia na Nzoia huingia Ziwa Viktoria. Mto Suam nao hugeukia kaskazini, ukawa Turkwel hadi Ziwa Turkana. Kwenye mito hiyo yote kuna mtu mwenye mtungi, pengine ameambiwa kama wewe kwamba haya ni maji ya mlima. Kinga povu lako kwenye ndoo na ukalimwage kwenye udongo, mita 60 au zaidi kutoka kijitoni.

Wenye mashamba ya Endebess wanaoanza kufungua viwanja vya kambi wana nafasi ya kuumaliza ubishi huu bila maneno. Lori moja la murram lililosawazishwa kwa paipu ya fundi, likashindiliwa, linampa mgeni mahali pa kusimama asipohitaji mbao. Kibao kimoja mferejini kikisema maji haya yametoka wapi na kama yametiwa dawa kinampa uamuzi ulio mikononi mwake. Mgeni analipia vitu hivyo kwa furaha kuliko anavyolipia mandhari, ambayo angeyaona bure kutoka barabarani.

Na kwa anayedai kwamba mambo haya yote yanakula jioni nzima, mpangilio ni huu. Ukifika, jaza mitungi na uitie dawa kwanza kabisa, uiache kivulini. Dakika 30 za dawa zinaanza kuhesabika. Ndani ya hizo tafuta mahali, pima, panga mbao, panda, weka kabari. Dawa ikiiva, mimina mitungi tankini. Lita 100 zinakandamiza springi za upande mmoja kwa kilo 100, kwa hiyo pima mara ya pili. Fungua mifereji hadi hewa iishe na maji yatoke bila kukatika, na hita ya maji usiiwashe kabla ya hapo, maana itaungua ikiwa tupu. Sikiliza pampu ijizime yenyewe. Ikiendelea kunguruma na mifereji yote imefungwa, kuna mahali panavuja, na dakika hiyo, jua halijazama, ndiyo ya kupatafuta.